Nilimpeleka mgeni Kigoma, kumbe wageni tulikuwa wawili

Mdogo wangu wa kike ni nesi Ujerumani, ana mwaka wa nne sasa kule. Mwaka 2024 mwishoni mwa mwezi wa saba akanipigia usiku, kaka shikamoo, kuna rafiki yangu anakuja huko, anataka kufika Kigoma kuona meli, naomba umpokee hapo Tabora umsindikize maana Kiswahili chake ni cha kujifunzia kwenye simu. Nikamuuliza rafiki wa namna gani. Akasema rafiki tu kaka, na wewe kwa maswali. Basi nikakubali, tena kwa mbwembwe, maana mimi nauza asali karibu na stesheni, wasafiri ndo ugali wangu, treni nazijua kwa honi tu bila kutoka nje. Nikajiona mwenyeji wa nchi nzima.

Kitu ambacho sikumwambia, na sikuwa nimewahi kumwambia mtu, ni kwamba mimi na miaka yangu 34 sijawahi kuvuka Kaliua, hapo hapo mkoani kwetu. Kigoma naijua kwa kusimuliwa. Mnyamwezi mzima, mjukuu wa wapagazi waliokuwa wanatembea kwa miguu kutoka pwani mpaka Ujiji na pembe za ndovu mabegani, halafu mimi nina reli mlangoni na sijafika mwisho wake.

Jamaa alitua Dar akapanda ile ya umeme, SGR, ilikuwa ndo kwanza imeanza kufika Dodoma, tarehe 25 Julai kama sikosei siku ya kwanza, yeye akaipanda wiki iliyofuata. Akanitumia meseji kutoka Dodoma, nimefika masaa matatu na kidogo, nchi yenu rahisi sana. Nikacheka peke yangu. Kutoka Dodoma kuja kwetu akapanda basi, meseji zikapungua. Alipoteremka stendi alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, begi kubwa mgongoni, na mkononi karatasi iliyokunjwa mara nne, ameipiga chapa kabisa, ratiba ya safari nzima siku kwa siku na saa kwa saa. Hiyo karatasi ikumbuke.

Nyumbani mama akapika ugali na kuku na mlenda, pembeni akaweka matobolwa (viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa) na karanga za kuchemsha. Mgeni akala vyote, akaongeza mlenda. Mama akaniambia pembeni, huyu mbona anakula kama mkwe. Nikacheka. Kilichonishangaza ni kwamba kwenye begi alikuwa na zawadi ya mama, soksi nzito za kubana miguu, za watu wenye shida ya mishipa, na saizi ni yenyewe. Nikajiuliza huyu amejuaje miguu ya mama inavimba, ila nikaacha ipite.

Asubuhi tukaenda kukata tiketi. Kama unasafiri kwa treni huku hili ndo la kwanza kujua, yule dada wa dirishani ana vitu vingi kichwani kuliko vilivyobandikwa ukutani. Mgeni wangu akasogea akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Treni ya Kigoma inakuja saa ngapi?" Dada kimya, anapanga vitabu vyake. Akarudia. Kimya. Nikasogea mimi, habari za asubuhi dada, za nyumbani, watoto hawajambo, na baridi hii. Hapo ndo akainua uso. Akatuambia saa iliyoandikwa msiifuate, ile treni ikishapita Dodoma nitajua imechelewa kiasi gani, niachie namba nitakubipu, na mkate daraja la pili kulala, na kitanda cha chini kimeisha kwa hiyo msijisumbue kuomba. Yote hayo kwa salamu ya nusu dakika. Kwa kitambulisho mimi nilitaja namba ya NIDA tu, naijua kwa kichwa tarakimu zote 20, kadi yenyewe nikaiacha kabatini isije ikapotea njiani. Nilijiona mjanja.

Treni ikaingia alfajiri. Vyumba vya daraja la pili ni vitanda sita, wanaume mbali wanawake mbali. Mle ndani tulikuwa na mzee mmoja wa Kasulu, kijana mfanyabiashara wa dagaa, na wanafunzi wawili waliolala muda wote. Mzee akatusalimia kwa Kiha, "Mwakeye," anapiga makofi taratibu, na ile salamu haiishi haraka, inaulizia watu wa nyumbani, inaulizia ulivyolala, makofi yanaendelea polepole. Mgeni akaweka begi chini na yeye akaanza kupiga makofi. Mzee akafurahi ajabu. Akanigeukia, na wewe kijana kwenu wapi? Tabora, mzee. Akaangalia lile begi kubwa ambalo kwa kweli nilikuwa nimelibeba mimi kutoka nje mpaka kitandani, akasema, "Eeh, mpagazi! Babu zako walimbebea mzungu mizigo mpaka Ujiji, na wewe umembebea wako." Chumba kizima kikacheka, hata wanafunzi waliolala. Na ukweli ndo huo, Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858 na mizigo yao ilikuwa kwenye vichwa na mabega ya watu kama babu yangu.

Baridi ya mwezi wa nane alfajiri kwenye behewa usiichukulie poa. Mgeni alikuja na lile fuko la kulalia, akajizipu mpaka puani. Mimi mwenyeji sikubeba hata shuka. Kijana wa dagaa alinionea huruma akanipa gunia.

Kulipokucha tukawa tunapita Urambo, nchi ya tumbaku, halafu Kaliua ambako njia ya Mpanda inachepuka, na kuanzia hapo mimi nikanyamaza maana kila kitu nje ya dirisha kilikuwa kipya kwangu. Miombo, miombo, miombo, halafu ghafla watu. Kila stesheni ni soko, wanakuja mbio na mihogo, mayai, ndizi, asali kwenye chupa za maji (nikaionja, haikuwa mbaya, ila ya kwetu ni ya kwetu). Nguruka nikaita kijana wa mayai, nikachukua ya 2,000 nikampa noti ya elfu kumi. Akaanza kutafuta chenji mifukoni, treni ikavuta. Akakimbia kidogo, mkono juu una noti, behewa linamwacha, namwona anapungua mpaka anakuwa nukta. Elfu nane hiyo. Mgeni akatoa kipochi kimejaa noti za 1,000 na sarafu, akasema kwenye karatasi yangu imeandikwa beba pesa ndogondogo. Mzee wa Kasulu akaomba yai moja kati ya yale ya elfu kumi.

Tukavuka Malagarasi, tukapita Uvinza penye chumvi, ile chumvi ya chemchemi watu wanaichemsha pale tangu enzi na enzi, karibu kila abiria akanunua kimfuko maana ndo zawadi ya kwenda nayo nyumbani. Kisha vilima, michikichi ikaanza, na mchana kweupe mgeni akanigonga bega bila kusema kitu. Ziwa. Mimi nilikuwa nategemea kitu kama bwawa kubwa, sijui kwa nini. Ule ubluu ni wa bahari, na milima ya Kongo ng'ambo imefifia kama moshi. Kina cha Ziwa Tanganyika kinafika mita 1,470 hivi, duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Nilikuwa nayajua haya shuleni, nilijibu mpaka kwenye mtihani, na bado nilisimama pale stesheni kwenye jengo la Mjerumani, reli imeisha kweli mbele yangu, nimeacha mdomo wazi kama mtoto.

Sasa kwenye treni nilikuwa nimemjaza mgeni maneno kuhusu samaki. Tukifika tu ni mgebuka wa kuchoma, na dagaa wabichi, ukishakula dagaa wa Kigoma hutakaa ule wa sehemu nyingine. Tukaingia kwa mama ntilie mmoja, nikaagiza kwa sauti. Mama akaniangalia. "Mwanangu, ziwa limefungwa. Umetoka wapi wewe?" Ndo nikajua serikali ilikuwa imesimamisha uvuvi ziwani tangu Mei 15 mpaka Agosti 15, miezi mitatu, samaki wazaliane, na sisi tumeingia wiki moja kabla ya kufunguliwa. Dagaa waliokuwepo ni wakavu wa akiba na bei imepanda. Nikamgeukia kijana wa dagaa tuliyekuja naye, alikuwa kaja kula palepale, mbona hukusema? Akasema hukuuliza kaka, ulikuwa unaeleza. Tukala wali na maharage ya mawese, na nikiri, yale maharage nimeyakumbuka kuliko samaki yeyote niliyewahi kula.

Meli aliyoifuata ni Liemba. Hapa ndo nilijua nimekuja kufundishwa, maana mimi siku zote nilijua ni meli ya Mwingereza. Yeye kwao ni mwendo wa baiskeli mpaka Papenburg, mji wa Ujerumani ulioitengeneza mwaka 1913. Waliiunda ikakamilika, wakaifungua vipande vipande, wakaitia kwenye makasha 5,000, ikaja kwa meli mpaka Dar halafu kwa reli hii hii tuliyopanda sisi, ambayo ndo kwanza ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Ikaungwa upya hapa ziwani, ikaitwa Graf von Goetzen, na Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili Waingereza na Wabelgiji wasiipate, ila kabla ya kuizamisha mafundi wakapaka mashine grisi nzito zisile kutu. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, Kigoma mpaka Mpulungu kule Zambia. Anasimulia hivyo tumekaa kwenye ukuta, mimi naitikia kama mwanafunzi.

Tulipofika wakati huo ilikuwa haibebi abiria, imesimama kwa ukarabati. Getini mimi nikaanza kujieleza kwa Kiswahili kirefu, huyu ni mgeni wa heshima ametoka mbali, mlinzi akanisikiliza mpaka mwisho akasema andikeni barua, na simu wekeni mfukoni hapa hapapigwi picha. Bandari, stesheni, madaraja, vituo vya askari, kote huko acha kamera, tena uliza kwanza hata ukiona wenzako wanapiga. Mbeba mizigo mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, baada ya kusalimiana na mgeni kwa makofi ya Kiha (alishakuwa mtaalamu), akatuonyesha njia ya kupanda mlimani. Kutoka juu tukaiona, ndogo kuliko nilivyofikiria, imeegeshwa kimya. Mgeni akakaa pale karibu saa nzima. Mimi nikakohoa tu, ile baridi ya treni ilikuwa imeshaingia kifuani.

Ujiji tulienda kwa daladala, sio mbali. Ndipo Stanley alipomkuta Livingstone Novemba 1871, pana makumbusho na miembe, mwembe wenyewe ulishakufa, iliyopo wanasema ni vizalia vyake. Msimu wa maembe ulikuwa bado. Kwa mtu wa Tabora kuangalia mwembe usio na embe ni kazi ngumu, tukarudi.

Gombe sasa, ile hifadhi ya sokwe. Kwenda huko hakuna barabara, ni maji tu, na boti za abiria zinatokea Kibirizi, zile za mbao zinazopeleka watu na mizigo vijiji vya kaskazini. Nahodha akatuma meseji kwenye simu ya mgeni: "kesho saa 5 muwe mwaloni", yaani pale ufukweni boti zinapoegesha. Suala la saa nilikuwa nimeshamfundisha, nikamwambia saa mbili yetu ni nane yenu, ongeza sita au toa sita, akaelewa vizuri. Lakini kwenye tiketi ya treni alikuta saa za kizungu, kwa hiyo kichwani mwake akajiwekea kanuni, saa ya kusemwa ni ya Kiswahili, ya kuandikwa kwa tarakimu ni ya kizungu. Mimi nikalala. Naamka saa moja kitanda chake kitupu. Simu haipokelewi. Nikakimbia Kibirizi na roho mkononi, nitamwambia nini mdogo wangu.

Nikamkuta mwaloni kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, vitupu vyote kwa sababu ya ziwa kufungwa, amekaa na wamama watatu, alifika tangu saa kumi na moja alfajiri giza totoro. Wamemlisha chapati, wamemfunika khanga, mmoja anamfundisha kuhesabu kwa Kiha. Walinigombeza mimi. Mgeni anaachwaje peke yake usiku, wewe ni mwenyeji wa namna gani? Sikuwa na jibu. Boti yenyewe ikaondoka karibu saa saba.

Kwenye boti dai jaketi la kujiokolea kabla hujakaa, usione aibu kwa sababu wengine hawana, na mchana upepo ukianza mawimbi yanakuja ya kweli. Tulikaa juu ya magunia ya unga na godoro la mtu. Gombe yenyewe malipo yanapita kwenye mtandao, na ada ya mgeni wa nje na yetu sisi ni mbingu na ardhi. Sokwe wa pale ndo wale Jane Goodall alikuja kuwasoma mwaka 1960, binti wa miaka 26, na mama yake mzazi amemsindikiza. Asubuhi muongozaji akatukagua, akanisikia nakohoa, akasema samahani kaka wewe hupandi. Mafua ya binadamu yanaua sokwe, mgonjwa haruhusiwi kuwasogelea. Kwa hiyo mgeni akapanda mlimani na barakoa yake, akawaona, akarudi hajui aanzie wapi kusimulia. Mimi nikabaki ufukweni na nyani, mmoja akaja kwa heshima zote akachukua mkate wangu.

Kurudi tukapanda basi, kwa njia ya Uvinza. Sehemu moja katikati tukasimamishwa, ukaguzi, wakaingia maafisa wawili. Vitambulisho. Mgeni akatoa pasipoti, sekunde mbili, karibu sana Tanzania. Wakafika kwangu. Nikataja namba yangu, tarakimu zote 20 bila kupumua. Afisa akasema namba hata kasuku anakariri, kadi iko wapi? Kabatini Tabora. Shuka chini.

Kule chini maswali. Umesoma shule gani ya msingi, mwenyekiti wa mtaa wenu nani, kabila gani. Mnyamwezi. Haya ongea Kinyamwezi. Nikasema "Mwangaluka". Akasubiri. Mimi ni mtoto wa mjini, kwetu tulikuwa tunasemeshwa Kiswahili, Kinyamwezi changu kinaishia kwenye salamu na matusi mawili. Nikamtajia watemi wetu wa zamani, Mirambo, nikamtajia Isike, jasho linanitoka, nasikia abiria madirishani wanacheka. Ndo mgeni akashuka kwenye basi, begi la mbele kifuani, akasalimia kwanza, za kazi, poleni na jua, na watoto hawajambo, halafu akasema polepole kama mtu aliyekariri siku nyingi:

"Huyu ni shemeji yangu."

Kimya. Afisa akamuuliza shemeji kivipi, umeoa kwao? Akasema bado. Mwezi wa kumi na mbili. Afisa akanitazama usoni, nadhani aliona na mimi ndo nasikia kwa mara ya kwanza, akaangua kicheko akasema pandeni mwende, na wewe mpagazi tembea na kadi.

Ila hatukuwa sisi tu tulioshushwa. Kulikuwa na vijana wawili wa Kasulu wanaenda Urambo kutafuta kazi kwenye mashamba ya tumbaku, wao Kiha wanakijua mpaka ndani, na hicho ndo kilichowaponza, maana Kiha na Kirundi ni ndugu, ukikiongea vizuri unaambiwa wewe Mrundi, ukikosa kukiongea unaambiwa mbona hukijui. Basi likaondoka likawaacha pale wamekaa chini ya mti. Mimi sikujua Kinyamwezi nikapita kwa sababu nina mzungu wa kunidhamini. Watu wa Kigoma wanaishi na hii kitu kila safari, na sisi wa Tabora huwa tunaitania.

Mpaka Nguruka hakuna aliyeongea. Hapo nikanunua mayai, noti ya elfu mbili kamili. Nikampa mgeni moja nikamuuliza, sasa kwa nini hukuniambia tangu siku ya kwanza, na yule mwenzio ananiambia rafiki tu, rafiki tu? Akaona aibu mpaka masikio yakawa mekundu. Akatoa ile karatasi yake, imeshachakaa na ina mafuta ya mawese, akafungua mpaka mstari wa mwisho kabisa. Kwa Kijerumani, akanitafsiria kidole kikiwa juu ya maneno: siku ya kumi, Tabora, kuongea na kaka na mama, saa 2.

Nikamuuliza, saa mbili ya kwenu au ya kwetu?